Namna ya Kurekebisha Taimingi ya Cheche Katika Injini Iliyoongezewa Nguvu

Injini ya petroli haiunguzi mchanganyiko wake kwa mara moja. Plagi inapotoa cheche, moto huanza kama kitone kidogo kati ya ncha zake, kisha husambaa hadi kwenye kuta za silinda, na safari hiyo huchukua muda ambao kwa macho yetu ni mfupi mno lakini kwa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni mrefu. Krenki inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hupita digrii 36 katika kila milisekunde moja. Ikizunguka mara 1,000 hupita digrii 6 tu. Ndiyo maana cheche hupigwa kabla pistoni haijafika kileleni, ili shinikizo kubwa kabisa litokee pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, takriban digrii 12 hadi 16 baada ya kilele. Cheche ikiwahi mno, shinikizo huikuta pistoni ingali inapanda na kuirudisha nyuma. Ikichelewa mno, pistoni hukimbia mbele ya moto, na joto ambalo lingelisukuma gari huishia kwenye ekzosi.

Kazi ya fundi ni kutafuta uwahishaji mdogo kabisa unaotoa torki (nguvu ya kuzungusha) kubwa kabisa katika kila hali ya mwendo na mzigo, kisha kuishia hapo. Wengi hufanya kinyume: huwahisha cheche mpaka injini ianze kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda, halafu hurudi nyuma kidogo wakidhani wamefika kwenye nguvu yote. Injini nyingi hufikia kilele cha torki kabla ya kugonga, hasa zikitumia petroli nzuri, na kila digrii inayoongezwa baada ya hapo huongeza joto na msukosuko ndani ya silinda bila kuongeza chochote kwenye magurudumu.

Namba iliyofaa kwenye injini ya mtu mwingine, hata kama ni ya aina ileile, ichukuliwe kuwa mahali pa kuanzia tu. Umbo la chumba cha mwako, uwiano wa kompresheni, kemu (shafti inayofungua valvu), petroli na joto la hewa inayoingia, vyote hubadilisha kasi ya moto.

Mambo ya kumaliza kwanza

Taimingi hurekebishwa kwenye injini nzima. Pima kompresheni ya kila silinda, hakikisha hakuna mahali panapovuta hewa ya wizi kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa), rekebisha nafasi za valvu, na ufunge plagi mpya zenye kiwango cha joto kinachofaa. Kama injini bado inatumia pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), weka nafasi ya pointi kabla ya kugusa taimingi, kwa sababu kubadilisha nafasi hiyo hubadilisha pia wakati wa cheche, na ukianza na taimingi utalazimika kuirudia.

Mchanganyiko wa hewa na petroli nao utangulie. Mchanganyiko mwepesi huungua polepole na hutaka cheche iwahi zaidi, kwa hiyo ukirekebisha taimingi juu ya mchanganyiko usio sahihi utakuwa unatibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine. Kwa injini isiyo na turbo, ikikanyagwa mafuta yote, lenga uwiano wa kati ya 12.5 na 13 za hewa kwa 1 ya petroli. Yenye turbo huhitaji mchanganyiko mzito zaidi, karibu na 11.5, kwa kuwa petroli ya ziada hupooza chumba cha mwako. Tumia petroli ileile ambayo gari litakuwa likitumia kila siku, na uangalie kiwango cha okteni (uwezo wa petroli kustahimili kugonga) kimepimwa kwa utaratibu gani. Marekani huandika kwenye pampu wastani wa vipimo viwili, hivyo 93 yao inakaribiana na 98 ya nchi zinazotumia kipimo cha RON, kimojawapo cha hivyo viwili. Anayechukua jedwali la taimingi lililotengenezwa kwa 93 ya Marekani na kulitumia kwenye petroli ya RON 93 amejitafutia pistoni zilizopasuka.

Pasha injini hadi joto lake la kawaida kabla ya kipimo chochote. Taa ya taimingi, inayowaka kila plagi ya kwanza inapotoa cheche, humweka sawasawa na mzunguko wa injini, na kwa sababu hiyo feni na belti huonekana kama zimesimama ilhali zinazunguka kwa kasi. Funga mikono ya nguo, vua mapambo, na waya za taa zipite mbali na puli. Injini isiungurume ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, inayoua bila kunuka.

Alama ya kilele ithibitishwe

Hatua hii hurukwa na wengi, nami naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Taa ya taimingi haijui pistoni iko wapi. Inachofanya ni kukuonyesha alama iliyo kwenye puli ya krenki. Puli nyingi za injini kubwa zimeundwa kwa vipande viwili, kitovu na pete ya nje, vilivyounganishwa kwa mpira wa kuzuia mtetemo. Mpira huo ukizeeka, pete huteleza, na alama huhama nayo. Kwenye puli yenye kipenyo cha milimita 160, digrii 1 ni sawa na milimita 1.4 pembeni mwake. Pete ikiteleza milimita 4 tu, umekosea kwa karibu digrii 3, na kosa hilo halionekani kwa macho.

Chomoa waya hasi wa betri, kisha fungua plagi zote ili krenki izunguke kwa mkono bila kubanwa na kompresheni. Zungusha hadi pistoni ya silinda ya kwanza iwe imeshuka, halafu funga kwenye tundu la plagi yake kizuizi cha pistoni, ambacho ni boliti yenye hesi kama za plagi, ncha ya mviringo, na tundu katikati la kupitishia hewa. Shika spana kwenye boliti ya krenki na uzungushe polepole kuelekea upande wa kawaida wa injini. Utasikia pistoni ikigusa kizuizi kwa upole; simama hapo hapo, usilazimishe. Chora mstari mwembamba kwenye puli, mkabala na kiashirio. Sasa zungusha upande wa pili, karibu mzunguko mzima, mpaka pistoni iguse tena, na uchore mstari wa pili. Pima umbali kati ya mistari hiyo kwa kufuata ukingo wa puli, upande ulio mfupi, na katikati yake ndipo kilele kilipo. Iwapo alama ya kiwandani iko hapo, vizuri. Isipokuwepo, ifute na uweke yako. Stata isiguswe kabisa wakati kizuizi kimo ndani, kwani itatoboa pistoni.

Kama puli haina mgawanyo wa digrii, bandika utepe wenye vipimo uliotengenezwa kwa kipenyo hichohicho, au ujichoree mwenyewe: zidisha kipenyo kwa 3.1416, gawanya kwa 360, nawe utapata upana wa digrii moja. Alama za 10, 20, 30 na 36 zinatosha. Rangi nyeupe kwenye puli nyeusi huonekana vizuri zaidi ya rangi nyingine yoyote.

Injini yenye distribyuta

Katika distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) kuna taimingi tatu zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya msingi, unayoiweka kwa kuizungusha distribyuta yenyewe. Ya pili huletwa na vyuma vidogo vinavyotanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, vikizuiwa na springi. Ya tatu huletwa na kikombe chenye utando kinachovutwa na upungufu wa hewa kwenye manifoldi. Mkanganyiko mwingi unatokana na watu kutaja namba bila kusema wanazungumzia ipi.

Chomoa mpira unaokwenda kwenye kikombe cha utando na uuzibe. Bana kishikio cha taa kwenye waya wa plagi ya kwanza, legeza kidogo boliti ya distribyuta, na uwashe injini. Kwa injini iliyoongezewa nguvu, anza na jumla badala ya msingi. Ongeza mwendo taratibu huku ukimulika puli. Alama itasogea na kusogea, kisha itasimama hata ukiongeza mwendo, mara nyingi kati ya 2,500 na 3,500 kwa dakika. Hapo vyuma vimetanuka kikomo. Geuza distribyuta mpaka jumla ifike unapotaka: kuigeuza kinyume na mzunguko wa rota (kipande kinachozunguka ndani yake) huwahisha cheche, na kuifuatisha huichelewesha. Injini za V8 za zamani zenye valvu mbili kwa silinda kwa kawaida hupendezwa na digrii 34 hadi 36. Zenye vyumba vya mwako vya kisasa, vidogo na vinavyochanganya hewa vizuri, hutosheka na 28 hadi 32, na nyingine chini ya hapo. Kwamba injini inataka digrii chache ni sifa njema, kwa maana moto wake unakwenda kasi.

Baada ya kukaza boliti, rudisha injini kwenye silensa (mwendo wake bila kukanyaga mafuta) na usome taimingi ya msingi iliyobaki. Kemu kali, inayoacha valvu za kuingizia na za kutolea zikiwa wazi kwa pamoja kwa muda mrefu, huchafua mchanganyiko katika mwendo mdogo kwa moshi uliobaki, na moto hutambaa. Injini hiyo itataka digrii 14 hadi 20 kwenye silensa pale ambapo injini ya kawaida ingeridhika na 8 au 10. Tuseme jumla unayotaka ni 34 na silensa inatulia kwenye 16. Vyuma vinatakiwa vilete 18 tu. Distribyuta huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo ndani yake hizo ni digrii 9, na ndivyo utakavyofupisha mwendo wa vyuma, ama kwa kubadilisha bushi ya kikomo ama kwa kupunguza urefu wa tundu lake. Wengi huisahau nusu hiyo, wakaishia na jumla ya 52.

Springi nyepesi huleta uwahishaji wote mapema, jambo linalofaa gari jepesi lenye gia fupi. Zikizidi wepesi, vyuma huanza kutanuka kwenye silensa na alama hucheza mbele ya taa. Ukiona hivyo, rudisha springi moja nzito. Dalili kwamba taimingi ya msingi imezidi ni stata kuzunguka kwa kusuasua au kupigwa kurudi nyuma injini ikiwa ya moto.

Kikombe cha utando hutupwa na watu wa mashindano, na wenye magari ya barabarani huwaiga bila sababu. Gari linapokwenda kwa mwendo tulivu, silinda hazijai, mchanganyiko ni mwepesi, na moto huenda polepole, hivyo digrii 10 hadi 15 za ziada huleta mwendo laini na kupunguza petroli. Jumla ya 45 au zaidi katika hali hiyo si kosa. Ukikanyaga mafuta yote mvuto huisha na digrii hizo hutoweka zenyewe.

Tahadhari moja kuhusu taa zenye kidude cha kurudisha alama kwenye sifuri: baadhi yake husoma vibaya injini yenye kifaa cha kupiga cheche nyingi mfululizo. Kwa injini hiyo weka kidude kwenye sifuri na usome utepe wa puli.

Injini inayoongozwa na kompyuta

Hapa springi na vyuma hubadilishwa na jedwali. Upande mmoja ni mwendo wa krenki, upande wa pili ni mzigo, mara nyingi shinikizo la manifoldi kwa kilopaskali. Kabla ya kuandika namba yoyote, iamuru kompyuta ishikilie taimingi mahali pamoja, digrii 10 au 15, kisha umulike puli. Kompyuta ikisema 15 na puli ikaonyesha 11, rekebisha nafasi ya sensa ya krenki ndani ya programu mpaka vikubaliane. Halafu pandisha mwendo hadi 4,000 au 5,000 ukiendelea kumulika. Alama ikihama ilhali taimingi imefungwa, kuna ucheleweshaji wa ishara unaopaswa kufidiwa, au waya mbili za sensa ya sumaku zimeunganishwa kinyume. Jedwali lililojengwa juu ya kosa hili halirekebishiki.

Anza na namba za chini, kisha peleka gari kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya injini) inayoweza kushikilia mwendo. Ishikilie injini kwenye mahali pamoja, kwa mfano mizunguko 3,000 na kilopaskali 60, subiri joto litulie, kisha ongeza digrii 2 kwa wakati mmoja huku ukisoma torki. Tuseme torki inakwenda 112, 118, 121, 122, 122. Nyongeza ya mwisho haikuleta kitu, na iliyotangulia ilileta kidogo sana. Weka namba iliyoleta 121 au 122 ya kwanza na uhamie mahali pengine. Mkunjo wa torki kileleni ni bapa, na hilo ni jambo la bahati, kwani digrii moja au mbili chini yake hukugharimu nguvu isiyohisika lakini hukupa nafasi kubwa ya usalama siku ya joto kali au petroli duni.

Jedwali zuri lina umbo linalotabirika. Taimingi hupungua mzigo unapoongezeka, kwa sababu mchanganyiko uliobanwa sana huungua haraka. Huongezeka na mwendo, isipokuwa karibu na kilele cha torki, ambako silinda hujaa kuliko mahali pengine popote. Hapo mara nyingi hutakiwa kushuka kidogo kabla ya kupanda tena. Ukiona mahali pamoja pamechomoza kama jino kati ya majirani zake, rudia kipimo kabla ya kuamini.

Injini yenye turbo itakufikisha kwenye kugonga kabla hujafika kwenye kilele cha torki, na hapo kanuni inabadilika: kikomo chako ni petroli. Njia ya kuanzia inayotumiwa sana ni kupunguza digrii 1 kwa kila 0.07 ya bar ya shinikizo la turbo, hivyo injini iliyotaka 30 bila turbo itaanza na 20 kwenye 0.7 ya bar, au chini ya hapo. Ni makadirio tu, yasiyojua lolote kuhusu kompresheni yako wala ubora wa kipooza hewa chako. Jaza pia jedwali la joto la hewa inayoingia, ili kompyuta ipunguze taimingi hewa inapopita nyuzi joto 45 hivi. Gari linalopimwa kwa mkimbio mmoja likiwa limepoa huonekana salama, kisha huanza kugonga katika mkimbio wa nne.

Kusikia na kuona kugonga

Kugonga hutokea pale sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia inapolipuka yenyewe kwa joto na shinikizo. Mawimbi yake hugonga kuta za silinda, na kwenye silinda yenye kipenyo cha milimita 86 sauti yake iko karibu na kilohezi 6.7. Sensa ya kugonga husikiliza eneo hilo, lakini pistoni za kufua na vipigo vya valvu huweza kuidanganya, kwa hiyo sikiliza mwenyewe pia. Bapaza ncha ya bomba dogo la shaba, itoboe, ifunge kwa boliti kwenye mwili wa injini, kisha unganisha mpira mrefu unaoishia kwenye vikinga masikio. Kugonga husikika kama changarawe inayomwagwa kwenye bati, tofauti kabisa na mlio wa kawaida. Ukikisikia, punguza papo hapo digrii 2 au 3 mahali hapo na pale panapopakana napo. Kama kupunguza hakusaidii, cheche haina hatia: kuna kitu kimewaka moto ndani, mara nyingi plagi yenye kiwango kisichofaa, na mchanganyiko unashika kabla ya cheche. Zima injini, kwani hali hiyo hutoboa pistoni kwa sekunde chache.

Ushahidi wa mwisho umo kwenye plagi. Funga mpya, fanya mkimbio mmoja wa mafuta yote kwenye njia iliyofungwa kwa ajili hiyo, kisha kwenye mwendo wa juu kanyaga klachi na kuzima cheche kwa wakati mmoja, bila kuiacha injini irudi kwenye silensa. Chomoa plagi na uangalie kaure yake nyeupe kwa lenzi. Vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni dalili ya kugonga. Vitone vidogo vinavyong'aa ni aluminiamu iliyotoka kwenye pistoni, nawe usiwashe tena injini hiyo kabla ya kupunguza taimingi na kukagua silinda. Tazama pia mkono wa chuma unaoinamia ncha ya kati: joto huacha mpaka wa rangi juu yake, na kadiri cheche inavyowahi, ndivyo mpaka huo unavyoshuka kuelekea kwenye hesi. Ukikaa karibu na kona ya mkono, taimingi iko mahali pazuri.

Usitegemee kipimo cha joto la ekzosi peke yake. Cheche iliyochelewa hupandisha joto hilo hata manifoldi ikawa nyekundu, na iliyowahi hulishusha kwa kuwa joto limebaki ndani ya silinda. Fundi anayefurahia kuona kipimo kimeshuka huenda anaangalia injini inayoelekea kujiua.

Mwisho wa kazi, kaza boliti ya distribyuta na uchore mstari wa rangi unaopita kwenye mwili wake na kwenye injini, kisha mulika tena, kwa maana kukaza huweza kuisogeza kwa digrii moja. Rudisha mpira wa kikombe cha utando. Kwa injini ya kompyuta, hifadhi jedwali pamoja na aina ya petroli, joto la hewa na plagi zilizotumika siku ya kipimo. Ukibadilisha kemu, silinda hedi, shinikizo la turbo au petroli, kazi ya daino irudiwe yote. Alama ya kilele haihitaji kutafutwa upya, isipokuwa puli imefunguliwa au mpira wake umeanza kuchomoza.